Kichezeo ni cha Nani?

UNICEF ina dodoso refu la kaya, linalojulikana kwa kifupi chake MICS, ambalo limetumika katika nchi nyingi kupima hali ya watoto na wanawake. Ndani yake kuna swali dogo kuhusu vichezeo vya mtoto wa chini ya miaka 5. Mdodosaji humuuliza mama: mtoto huyu huchezea vitu vilivyotengenezwa nyumbani, kama midoli au magari? Huchezea vitu vya dukani? Huchezea vyombo vya ndani kama bakuli na sufuria, au vitu vinavyookotwa nje kama vijiti, mawe, magamba na majani? Takwimu inayotoka baadaye ni ya watoto wanaochezea aina mbili au zaidi kati ya hizo tatu.

Nalipenda swali hilo kwa sababu linalipa jiwe hadhi sawa na bidhaa ya dukani. Mtoto wa kijijini mwenye gari la makopo na sufuria kuukuu anahesabiwa kuwa anavyo vichezeo. Mtoto wa mjini ambaye ana kapu zima la plastiki lakini haruhusiwi kugusa sufuria wala kutoka uani, huenda akahesabiwa kuwa amepungukiwa.

Hapa Dodoma, jiwe na duka vimekuwa majirani wa karibu sana miaka ya karibuni. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ni wa 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016. Wakaja watumishi vijana, wengi wao wakiwa na watoto wa kwanza, wakapanga nyumba zenye uzio na sakafu za vigae Ilazo, Kisasa na Ipagala. Mama zao wako Mbeya, Kagera au Tanga. Mtoto anabaki na dada wa kazi na televisheni hadi jioni. Kwa wazazi hawa simu huleta matangazo ya kile ambacho wauzaji wanakiita vichezeo vya milango ya fahamu: mipira yenye vinundu laini, mbao zenye vitasa na zipu za kufungua, chupa za maji yenye vimetameta, vitambaa vya kupapasa, hata mchanga maalumu usioganda mikononi. Mchanga wa kununua, katika mji ambao kila Julai upepo huuleta bure hadi ndani ya kabati!

Sitaki kuvicheka vichezeo hivyo. Vingine ni vizuri, na mtoto akivipata atavifurahia. Kinachonisumbua ni sauti ya tangazo lenyewe. Linasema ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo, jambo ambalo ni kweli, halafu linaongeza kwamba dirisha linafungwa, usichelewe. Mzazi anayelisoma saa nne usiku, baada ya siku nzima ofisini, halioni tena kama tangazo la biashara. Analiona kama notisi ya deni. Kwa hiyo swali langu ni la deni hilo: mtoto mdogo anatudai nini hasa, na je, kinanunulika?

Tuanze na asili ya vitu vyenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mfaransa, Jean Itard, alijaribu kumfundisha mvulana aliyekuwa amekutwa akiishi peke yake katika misitu ya Aveyron. Kabla ya maneno alianza na ngozi, masikio na macho yake. Édouard Séguin aliichukua njia hiyo na kuitumia kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wakati huo wengi waliwaona hawafundishiki. Baadaye Maria Montessori, daktari Mwitalia, aliwasoma wawili hao, akavijaribu vifaa vyao kwa watoto wa aina hiyohiyo mjini Roma, kisha mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa familia za vibarua maskini. Vibao vya kupapasa ulaini na mkwaruzo, mitungi ya mbao ya kupangwa kwa ukubwa, kengele za kulinganisha sauti: vyote hivyo tunavyoviona leo kwenye picha zinazong'aa vilipita mikononi mwa watoto ambao dunia ilikuwa imewakatia tamaa.

Historia hiyo ina uzito wa kimaadili. Vifaa vilivyobuniwa ili kumfikia mtoto asiyefikiwa na yeyote vimegeuka kuwa vya kumtanguliza mtoto ambaye tayari yuko mbele. Dawa imekuwa kirutubisho, na kirutubisho huuzwa kwa hofu. Aliyebuni aliuliza, "Nimfikieje huyu?" Anayenunua leo anasukumwa kuuliza, "Wa kwangu asije akapitwa na nani?" Maswali hayo hayafanani, hata kama kibao kinachoshikwa ni kilekile.

Hata hivyo, kuna ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa na mtu yeyote anayedai kwamba vichezeo ni anasa. Mwaka 1986 na 1987 mjini Kingston, Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii kwa saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, akacheza na mtoto mbele ya mama, akamwonyesha mama namna ya kucheza naye, akaviacha hadi wiki iliyofuata na kuvibadilisha. Watoto hao walifuatiliwa hadi ukubwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science yalionyesha kwamba, takribani miaka 20 baadaye, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Kwa sisi habari hii si ya mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inafuata mfumo wa mambo matano uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia mwaka 2018: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Hakuna mahali popote katika mambo hayo matano palipoandikwa duka.

Ila nikiusoma ushahidi wa Jamaika, nashikwa na haya kidogo ninapoutetea mchezo kwa mshahara. Tuseme matokeo yangekuwa sifuri. Tuseme watoto wale wangekua na kupata kipato kilekile cha wenzao. Je, zile saa takribani mia moja za kucheka na mama sakafuni zingekuwa zimepotea? Au mchukulie mtoto wa miaka 4 aliyelazwa wodini na ugonjwa ambao madaktari wanajua hatapona. Hana kipato cha kesho, hana shule ya kuingia mwakani. Kama thamani ya mchezo iko kesho tu, basi mtoto huyo asiletewe kichezeo. Hakuna muuguzi wala bibi anayeweza kukubali hitimisho hilo. Wanamletea puto la glavu, wanalichora macho, na hakuna anayeuliza linakuza nini. Hapo tunajua, bila mwanafalsafa kutuambia, kwamba mchezo ni haki ya mtoto akiwa mtoto. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, inautaja mchezo kama haki bila kudai risiti ya faida yake.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba hata wazee wetu hawakuutenga mchezo na kesho. Ni kweli. Katika nyanda hizi za kati, mtoto wa mfugaji anayefinyanga ng'ombe wa udongo mvua ikinyesha, akawazungushia zizi la vijiti, anajifunza ufugaji. Msichana mwenye kinu kidogo na mchi wake anajifunza kutwanga mtama. Mchezo ulikuwa na kesho ndani yake. Lakini tazama ni nani aliyeileta. Mtoto aliyaona maisha ya watu wazima akayataka, akayafinyanga kwa udongo kwa kipimo chake. Hakuna aliyemwekea alama kwamba ng'ombe wake wana miguu mitatu. Akichoka aliwakanyaga wakarudi kuwa tope, na hapakuwa na mtu wa kusikitikia fedha. Kesho ilikuwamo kwenye mchezo, lakini mwenye mchezo alikuwa mtoto.

Neno lililonisaidia zaidi kulifikiria suala hili limo ndani ya lugha yetu: kuitika. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba akiitwa aitike, "abee" au "naam", na asiyeitika huitwa mkaidi. Waraka wa serikali unaposema "malezi yenye mwitikio" unaligeuza somo hilo upande wa pili. Unadai kwamba mtoto naye huita. Huita kwa kulia, kwa kunyoosha kidole, kwa kukuletea kijiko mara kumi mfululizo, na mtu mzima ndiye anayepaswa kuitika. Nani mkaidi basi, siku mtoto anapoleta kijiko mara kumi na mimi nikaendelea kutazama simu?

Niseme kisa kimoja cha nyumbani, kwa sababu ndicho kilicholifanya neno hilo liwe na uzito kwangu. Dada yangu ni mtumishi hapa jijini. Mwanawe, mpwa wangu, alipofika miaka miwili na miezi kadhaa alikuwa na maneno mawili tu. Hakuwa akiitika akiitwa. Majirani walisema ni mkaidi, wengine wakasema wavulana huchelewa. Dada akanitumia orodha ya vichezeo vya milango ya fahamu pamoja na bei, na ujumbe mfupi: "Mjomba, chagua kimoja, na mimi nachukua viwili." Alikuwa anapeleka fedha pale ambapo hofu yake ilikuwa imeelekezwa.

Kabla hatujachagua, mama mkwe wake akaja kutoka Kongwa, mavuno yakiwa yamekwisha. Alikaa na mjukuu wake jikoni mchana mzima, wakiwa na mfuniko wa sufuria na mwiko. Nilipopita jioni kumwamkia, alikuwa anamwambia dada kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu si mkaidi. Nikimgusa anageuka. Nikigonga mbele yake anacheka. Nikigonga nyuma yake, hayupo." Dada akasema, "Mama, labda alikuwa amezama kwenye mchezo." Bibi akajibu, "Nimegonga mchana kutwa, mama. Mchezo gani wa kuzama mchana kutwa?" Hospitalini walikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Akaanza matibabu. Maneno yake sasa yanaongezeka, polepole, na bado yuko nyuma ya wenzake.

Ningeweza kukifanya kisa hiki kiwe ushindi wa mfuniko dhidi ya bidhaa za dukani, lakini huo usingekuwa ukweli. Chupa ya vimetameta isingemdhuru. Njuga ya dukani ingeweza kufanya kazi ileile ya mfuniko, tena kwa sauti nzuri zaidi. Kilichotofautisha ni kwamba upande wa pili wa mfuniko alikuwapo mtu, akigonga na kungoja, akigonga na kungoja, na aliyekuwa na mchana wote wa kugundua kwamba kwa nyuma hapatoki jibu. Kichezeo kilikuwa swali, bibi ndiye aliyesikiliza jibu. Kama tungempa mtoto huyo vichezeo vitatu na kumwacha navyo, angevichezea kimya, na ukimya wake ungetufurahisha. Tungesema ametulia.

Lakini hapa lazima niwe mwangalifu, maana kuna mahubiri ya rahisi sana yanayofuata: wazazi wa siku hizi wananunua vitu badala ya kutoa muda. Mahubiri hayo kwa kawaida huhubiriwa na mtu ambaye haombwi muda wake. Bibi alikuwa na mchana kwa sababu uwele umeshaingia ghalani. Dada hana mchana kwa sababu mwajiri wake ameununua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku zisizopungua 3. Tarakimu hizo mbili zinaonyesha nani anatarajiwa kuitika na nani anasamehewa mapema. Tukisema "mtoto anahitaji kuitikiwa" na wote tukageuka kumtazama mama, tumelihamisha deni badala ya kulilipa. Baba anadaiwa. Mjomba, anayedhani kwamba kutuma fedha ya kichezeo kwa simu kumemaliza sehemu yake, anadaiwa. Mwajiri anadaiwa. Hata kile kichezeo kinachonunuliwa na mzazi aliyechoka kinaweza kuwa njia yake pekee ya kusema "nipo" akiwa hayupo, na sioni kwa nini aaibishwe kwa hilo.

Kuna hatari nyingine kwa sisi tuliosoma kidogo: kuupamba umaskini. Tunapiga picha gari la makopo, tunaandika kwamba mtoto wa Kiafrika hahitaji kitu, kisha tunarudi nyumbani. Vitu vya asili na vya nyumbani si vitakatifu. Louis Braille alikuwa na miaka 3 tu, mwaka 1812, alipochezea kwenye karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Akachukua chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho moja. Maambukizi yakaenea hadi la pili, akawa kipofu kabisa. Hicho ni "chombo cha nyumbani" kwa maana kamili ya dodoso. Na hapa kwetu, karanga, zao tunalojivunia, ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumpalia mtoto mdogo hadi kumziba njia ya hewa. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, jiko la mkaa, mtaro wa maji: kila kimoja ni kichezeo machoni pa mtoto wa mwaka mmoja.

Vya dukani navyo vina hatari zao. Betri ndogo bapa kama kitufe, zinazowasha taa kwenye vichezeo vya bei nafuu, zikimezwa huunguza koo la mtoto kwa muda wa saa chache. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo uleule ambao kichezeo kimenunuliwa kuukuza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kipimo kimoja hakihitaji fedha: kitu kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha ni kidogo mno kwake, kiwe cha udongo au cha plastiki. Hapa sioni ugomvi kati ya kijiji na duka. Kitu kinachodhuru kinadhuru popote kilikotoka, na deni la usalama linatangulia deni la kichezeo.

Kuna deni jingine linalotangulia, na nyanda hizi zinalijua vizuri. Wilaya ya Kongwa imekuwa kwa miongo kadhaa mahali pa utafiti mkubwa wa trakoma, ugonjwa wa vikope unaoanza utotoni na kumalizia kwa upofu ukubwani. Unaenea kwa mikono, vitambaa na inzi wanaotua kwenye nyuso za watoto, na pasipo maji ya kutosha uso haunawi mara kwa mara. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuwahimiza wanavijiji kuwanawisha watoto nyuso baada ya matibabu kulipunguza trakoma kali. Nikilifikiria hilo, maneno "vichezeo vya milango ya fahamu" yanapata maana nyingine. Mlango wenyewe wa fahamu, jicho la mtoto, ulikuwa ukifungwa kwa kukosa maji ya kunawa. Kwa mtoto huyo, kopo la maji safi lilikuwa na haki ya kufika kabla ya mpira wenye vinundu.

Je, hii ina maana kwamba kitu chenyewe hakidaiwi kamwe? Hapana. Mashariki ya jiji, wilayani Chamwino, kuna shule ya wasioona ya Buigiri, miongoni mwa shule za aina yake za zamani zaidi nchini. Mtoto asiyeona hujifunza nukta nundu, maandishi ya vinundu sita yaliyobuniwa na yuleyule Louis Braille akiwa na miaka 15. Vinundu hivyo husomwa kwa ncha ya kidole, na kidole hakizinduki ghafla siku ya kwanza ya shule. Kinahitaji kuwa kimepapasa: mbegu na kokoto, laini na kukwaruza, kilichopangwa na kilichotawanyika. Kwa mtoto huyo, kichezeo cha kupapasa kiko karibu sana na alfabeti. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye usonji anayeteswa na kelele au na mguso wa nguo, ambaye kitu fulani mkononi humtuliza hadi akaweza kukaa na wenzake. Kwao hivi vitu ni deni halisi, na mwenye kudaiwa si mzazi peke yake bali ni sisi sote, kwa kodi zetu na vipaumbele vyetu.

Hapo ndipo dhuluma yenyewe ilipo. Soko linapeleka vichezeo vya milango ya fahamu kwa mwenye simu nzuri na mshahara, si kwa mwenye mlango uliofungwa. Itard, Séguin na Montessori walianzia kwa aliyepungukiwa. Soko linamwanzia aliyejaliwa, na kumshawishi kwamba amepungukiwa. Sidhani kwamba mzazi wa Ilazo anatenda dhambi akimnunulia mwanawe ubao wa vitasa. Kumpenda mtoto wako kuliko wa mwingine ni jambo la kibinadamu, na mtoto asiyependelewa na yeyote ni yatima hata kama wazazi wake wako hai. Lakini upendeleo ukiwa ndio dira pekee, fedha zote zitaenda kwa asiyehitaji sana, kila mmoja akiwa amemtendea wema wa kwake.

Basi nichagueje, mimi ninayesimama Soko la Majengo na noti chache mkononi, nikitakiwa kuleta zawadi ya mtoto? Nimejizoesha kujiuliza mambo machache. Kati ya mtoto na kitu hiki, nani atafanya kazi? Kama kitu kinawaka, kinaimba na kucheza chenyewe, mtoto amepewa kazi ya kuwa mtazamaji, na utazamaji anao wa kutosha kwenye televisheni. Kama kinakaa kimya hadi yeye akipige, akisukume, akijaze na kukimwaga, basi ni chake. Je, kinaweza kuwa kitu kingine? Kikombe huwa ngoma, kofia, gari na nyumba ya mende. Simu ya plastiki huwa simu tu. Je, kina nafasi ya mtu wa pili? Je, nikishafika nacho, mimi nitakaa chini? Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Mara nyingi limenifanya nirudishe kitu rafuni, nikanunua mpira wa kawaida ambao hauwezi kuchezwa bila mtu wa kuurudisha.

Kisha kuna swali la umiliki, ambalo tunalisahau tukishalipa. Mzazi aliyenunua kwa ajili ya maendeleo hukaa akingoja maendeleo. Anamwona mtoto ameweka kibao pembeni na kuchezea boksi lake, anaudhika. "Si hivyo, panga hivi." Ameshakirudisha kichezeo mikononi mwake, na mtoto amebaki mfanyakazi katika mradi wa mtu mwingine. Kutoa zawadi maana yake ni kuacha. Aliyepewa ana haki ya kuitumia ovyo, kuisahau uani ikanyeshewa, au kumpa mtoto wa jirani. Boksi aliloliona yeye kuwa bora lina sifa moja ambayo kibao hakina: hakuna mtu mzima anayengojea matokeo ndani yake.

Najua haya hayalipi kodi ya nyumba wala hayampi dada yangu mchana wa kukaa jikoni. Wasomaji wengi wa rika langu bado hawana watoto, ila wana wapwa, wadogo na watoto wa marafiki, na huulizwa watume nini. Tumeni mnachoweza, kikiwa salama. Lakini tuliopewa vyeo vya mjomba, shangazi na baba mdogo tulipewa pamoja na kazi yake, na vyeo hivyo vilikuwapo kabla ya simu kwa sababu mama mmoja hakuwahi kutosha kuitikia kila anapoitwa. Kijiko kikiletwa mara ya kumi, mama akiwa ameinama kwenye jiko au kwenye kompyuta, kuna mtu mwingine sebuleni ambaye mikono yake haina kazi. Mtoto ameshamwona. Ndiye anayeletewa.